Tanzia ya Kigiriki katika Kipolandi: Wanazuoni, Washairi na Suala la Sauti

1. Utangulizi

Uhakiki wa tafsiri za fasihi aghalabu huzunguka maswali mawili: je, mfasiri ameishika maana ya matini ya asili, na je, lugha yake ni fasaha? Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi pindi matini yenyewe inapokuwa tamthilia. Tamthilia haikuandikwa ili isomwe kimya. Iliandikwa ili itamkwe mbele ya watu, na tanzia ya Kigiriki, zaidi ya kutamkwa, iliimbwa na kuchezwa. Hapo ndipo linapozuka swali la tatu: je, maneno haya yanatamkika?

Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo lilivyokabiliwa katika lugha ya Kipolandi, ambayo wanazuoni wake wamezifasiri tanzia za Aeschylus, Sophocles na Euripides tena na tena tangu karne ya 19. Hoja inayotetewa ni kwamba upungufu mkubwa wa baadhi ya tafsiri hizo haukutokana na kutojua Kigiriki, maana karibu wote waliohusika walikijua vema. Ulitokana na dhana kwamba ushairi wa lugha pokezi una umbo moja tu linalostahili heshima. Aidha, itaonyeshwa kwamba tafsiri zilizofaulu zaidi ni za wale waliounganisha usomi na uelewa wa jukwaa.

Mtaalamu wa Kiswahili anayo sababu ya pekee ya kuifuatilia habari hii, nayo ni ya kiisimu kama itakavyobainika katika sehemu ifuatayo.

2. Mizani mbili zisizolingana

Ushairi wa Kigiriki cha kale ulijengwa juu ya urefu na ufupi wa silabi. Mshororo wa kawaida wa mazungumzo katika tanzia ulikuwa na miguu sita ya silabi fupi ikifuatwa na ndefu, na kwa hali hiyo ulikaribia silabi 12. Nyimbo za korasi zilikuwa na mahadhi magumu zaidi, zikitungwa kwa beti pacha, yaani ubeti wa pili ukirudia vipimo vya ule wa kwanza. Vina havikuwapo, wala katika mazungumzo wala katika nyimbo.

Kipolandi hakitofautishi maneno kwa urefu wa irabu. Mkazo wake, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Na desturi ya ushairi wake, kwa karne nyingi, imekuwa kuhesabu silabi: mshororo wa silabi 11 uliogawanyika vipande vya 5 na 6, au wa silabi 13 uliogawanyika vipande vya 7 na 6, tena wenye vina.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba hapa hazungumziwi mgeni kabisa. Mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, hesabu ya mizani, mgawanyo wa mshororo katika vipande, vina vya kufungia: hizi ni sifa azijuazo kila aliyesoma utenzi au shairi la mishororo minne. Kwa hiyo taabu za mfasiri Mpolandi ni taabu ambazo mfasiri Mswahili atazikuta mlangoni pake. Kwa mfano, mshororo wa Kigiriki humalizikia mahali penye uzito. Katika lugha ambayo mkazo hurudi nyuma silabi moja, kumalizia hivyo hudai neno la silabi moja mwishoni mwa kila mshororo. Kipolandi kinayo maneno kama hayo, lakini yakipangwa mfululizo kwa mamia ya mishororo huligeuza jukwaa kuwa karakana ya mhunzi. Kiswahili, chenye maneno ya silabi moja machache zaidi, hakina hata njia hiyo. Mfasiri hulazimika basi kuchagua kipimo kingine, na uchaguzi huo si wa kiufundi tu: ndio unaoamua jinsi Antigone atakavyovuta pumzi.

3. Kochanowski na somo lililosahauliwa

Historia hii haina budi kuanza na Jan Kochanowski, mshairi wa karne ya 16. Tamthilia yake juu ya kurudishwa kwa wajumbe wa Kigiriki kutoka Troya ilichezwa mnamo Januari 1578 huko Jazdów, karibu na Warszawa, mbele ya mfalme Stefan Batory, katika harusi ya Jan Zamoyski. Si tafsiri, ni utungo wake mwenyewe juu ya habari za Kigiriki. Hata hivyo, ni zoezi la mtu aliyekuwa akijiuliza jinsi ya kuifanya tanzia ya Kigiriki isikike kwa Kipolandi. Jibu lake kuhusu mazungumzo lilikuwa jasiri: alibakiza hesabu ya silabi, akaviacha vina. Na katika wimbo wa tatu wa korasi alikwenda mbele zaidi, akajaribu kuyaiga mahadhi ya korasi za Kigiriki na kubuni vivumishi ambatani kwa mtindo wa lugha hiyo. Kochanowski pia alifasiri sehemu ya Alcestis ya Euripides, nayo ilichapishwa baada ya kifo chake.

Umuhimu wa kazi hii kwa mhakiki ni kwamba tangu mwaka 1578 Kipolandi kilikuwa na mfano wa ushairi wa jukwaani usio na vina, uliotungwa na mshairi mkuu kuliko wote wa zama zake. Mtu asingeweza kudai kwamba ushairi usio na vina ni ugeni ulioletwa na vijana wasioijua jadi. Lakini wafasiri wengine waliofuata, kama itakavyoonekana, hawakulitumia somo hilo.

4. Węclewski: usomi kama kinga ya lugha

Kuanzia 1795 hadi 1918 hapakuwa na dola ya Polandi. Nchi iligawanywa kati ya Urusi, Prusia na Austria. Katika hali hiyo kuifasiri fasihi ya Kigiriki kwa Kipolandi kulikuwa na maana iliyopita mipaka ya darasa: kulikuwa ni kuthibitisha kwamba lugha isiyo na dola bado ina uwezo wa kubeba fikra yoyote.

Zygmunt Węclewski (1824–1887) alikuwa mtu wa hali hiyo. Alifundisha katika Szkoła Główna, chuo kikuu cha Kipolandi kilichofunguliwa Warszawa mwaka 1862 na kufungwa 1869, mahali pake pakachukuliwa na chuo kikuu kilichofundisha kwa Kirusi. Baadaye Węclewski alikwenda Lwów, upande wa Austria, ambako Kipolandi kilikuwa kimepata nafasi ya kufundishia. Katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 alitoa kwa Kipolandi tanzia za washairi wote watatu: saba zilizohifadhiwa kwa jina la Aeschylus, saba za Sophocles, na zile nyingi za Euripides.

Kama kazi ya kielimu, jambo hilo linastahili heshima. Mwanafunzi aliyetaka kuisoma Kigiriki huku akiwa na Kipolandi ubavuni alipata msaada wa kutegemewa. Lakini tafsiri hizo ni za dawati. Sentensi zake hufuata mpangilio wa Kigiriki kwa uaminifu ambao mdomo wa mwigizaji huulipia gharama. Huo si ulegevu wa mfasiri. Ni tokeo la shabaha yake. Aliyehesabu kila neno la asili kuwa amana hakuwa tayari kuliacha hata moja lidondoke.

5. Morawski na Kasprowicz: ushairi kama pambo

Kizazi kilichofuata kilikuja na wanaume wawili tofauti sana. Kazimierz Morawski (1852–1925) alikuwa profesa wa filolojia ya kale katika Chuo Kikuu cha Jagiellonia, Kraków, rais wa taasisi kuu ya wanazuoni mjini humo, na mnamo Desemba 1922 hata mgombea wa urais wa jamhuri. Jan Kasprowicz (1860–1926) alikuwa mtoto wa mkulima wa Szymborze aliyepanda ngazi ya elimu kwa jasho, akawa mshairi mashuhuri na hatimaye profesa wa fasihi linganishi huko Lwów. Morawski alifasiri tanzia zote saba za Sophocles. Kasprowicz alifasiri za Aeschylus na za Euripides.

Antigone ya Morawski ndiyo tafsiri ya tanzia iliyosomwa zaidi nchini Polandi, kwa kuwa kwa vizazi kadhaa imekuwa kitabu cha shule. Mazungumzo yake yametungwa kwa mizani 11 bila vina. Nyimbo za korasi zina vina. Lugha yake ni nyororo na ya heshima, na mshororo wake unatamkika kuliko wa Węclewski. Hata hivyo, unyororo huo una bei yake. Yafaa itazamwe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni namna Antigone anavyomwita dada yake mwanzoni mwa tamthilia. Sophocles amerundika pale maneno matatu: la ushirika, la udugu uliokazwa kwa kiambishi chenye maana ya “yule yule hasa”, na la kichwa, ambalo katika tanzia hutumika kumwita mtu kwa heshima na mapenzi. Rundo hilo ni zito makusudi. Kisa chote kinategemea dai kwamba watoto wa Oedipus ni wa tumbo moja, na kwamba damu hiyo ndiyo inayomlazimisha Antigone kumzika Polyneices. Tena damu hiyo hiyo imetiwa doa, kwa kuwa baba yao ni ndugu yao pia. Katika tafsiri ya Morawski jambo linalosikika zaidi ni kwamba dada huyu anapendwa. Msiba wa nasaba umegeuzwa kuwa hisia ya moyoni. Mwanafunzi anayeanza hivyo humwona Antigone kuwa msichana mwenye huruma, ilhali Sophocles amemleta kwanza kama mtu aliyefungwa na jambo asilolichagua. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni rahisi kuiona, maana kusema “dada mpenzi” na kusema “ndugu wa toka nitoke” si kusema jambo moja.

Mfano wa pili ni wimbo mashuhuri wa korasi juu ya mwanadamu. Neno la Kigiriki linalomweleza mwanadamu pale ni deinos, nalo lina nyuso mbili: kinachostaajabisha na kinachotisha. Morawski amechagua upande wa ajabu na ukuu. Wimbo hugeuka kuwa sifa ya binadamu, nao huimbika vizuri shuleni. Lakini katika tamthilia wimbo huu huja mara baada ya habari kwamba amri ya mtawala imevunjwa, na kabla tu ya Antigone kuletwa chini ya ulinzi. Kitisho kikiondolewa katika neno hilo, onyo lililomo ndani ya sifa hupotea. Yafaa ikiriwe kwamba Kipolandi hakina neno moja lenye nyuso zote mbili kwa uzani sawa. Kosa, ikiwa lipo, si kuchagua. Ni kutoacha mahali popote katika wimbo dalili kwamba palikuwa na uchaguzi.

Kasprowicz anazua tatizo jingine. Alikuwa mshairi wa tenzi za maombolezo na hasira, na Aeschylus alimfaa kwa ukubwa wa sauti. Nguvu hiyo inasikika. Lakini Kasprowicz aliuongozea utungo wake kwa vina, na alipokosa neno la asili la kukamilishia kina aliongeza la kwake. Matokeo yake ni kwamba Euripides, ambaye miongoni mwa watatu ndiye aliyeisogeza lugha ya jukwaani karibu zaidi na mazungumzo ya watu, anapanda juu ya kilele asichokitaka. Majibizano ya mshororo kwa mshororo, ambayo kwa Kigiriki hukatana kama visu, yakitiwa vina hufungamana mawili mawili, na ugomvi husikika kama mapatano. Hapa ndipo lilipohitajika somo la Kochanowski.

6. Neno “mfalme”

Kabla ya kuingia katika kizazi cha baada ya vita, inafaa kutaja neno moja ambalo wafasiri wamelirithishana. Tamthilia maarufu ya Sophocles juu ya Oedipus hujulikana kwa Kigiriki kwa neno tyrannos. Kwa Kipolandi imezoeleka kuitwa Król Edyp, yaani Mfalme Oedipus. Tyrannos, katika maana yake ya msingi, ni mtawala aliyepata madaraka kwa njia isiyokuwa ya urithi. Oedipus anadhani ndivyo alivyo: mgeni aliyepewa kiti kwa sababu alitegua kitendawili. Ukweli unaomwangamiza ni kwamba yeye ni mwana wa Laius, na kwa hiyo mrithi halali. Neno “mfalme” likitumika tangu mwanzo, kejeli hiyo hufifia. Neno tyran la Kipolandi nalo halifai, kwani maana yake imekwisha kuwa mdhalimu.

Lakini historia ya Polandi inalitetea neno król kwa namna isiyotazamiwa. Kuanzia 1573 hadi mwisho wa dola ya kale, wafalme wa Polandi walichaguliwa na makabaila. Batory mwenyewe, aliyeitazama tamthilia ya Kochanowski, alikuwa mgeni kutoka Transylvania aliyepewa kiti kwa uchaguzi. Kwa Mpolandi wa zama hizo mfalme hakuwa lazima mwana wa mfalme. Neno lile lile lilikuwa karibu na tyrannos katika karne ya 16 kuliko lilivyo leo. Hivyo tafsiri inaweza kuharibika bila kuguswa, kwa sababu tu maisha yaliyokuwa nyuma ya neno yamebadilika. Hiyo ni sababu tosha ya kufasiri upya.

7. Srebrny na Łanowski: kurudi jukwaani

Vita vya Pili vya Dunia viliwatawanya wanazuoni hawa. Mnamo Novemba 1939 maprofesa wa Kraków walikamatwa na kupelekwa katika kambi ya Sachsenhausen. Tadeusz Zieliński (1859–1944), aliyefundisha St Petersburg na baadaye Warszawa, na ambaye alikuwa amemfasiri Sophocles kwa Kirusi, alifia Bavaria. Mipaka ilipohamishwa, walimu wengi wa Wilno walihamia Toruń na wengi wa Lwów wakahamia Wrocław. Stefan Srebrny (1890–1962), mwanafunzi wa Zieliński, alipita njia ya kwanza. Jerzy Łanowski (1919–2000), mzaliwa wa Lwów, alifanya kazi yake Wrocław.

Srebrny alimfasiri Aeschylus, na toleo lake la tanzia hizo lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mchango wake ni kwamba aliisoma tanzia kama kitu cha kuchezwa. Kwake nyimbo za korasi hazikuwa mashairi yaliyochomekwa kati ya matukio, bali matendo ya kundi la watu wanaosogea na kuimba. Na tofauti ya mahadhi kati ya wimbo na mazungumzo ilikuwa ishara kwa mtazamaji, isiyofaa kusawazishwa. Lugha yake ina uzito, na baadhi ya ambatani zake hudai mwigizaji hodari. Lakini uzito huo ni wa Aeschylus. Haukutokana na kina kilichotafutiwa mwenzake.

Łanowski alimchukua Euripides, na juzuu ya kwanza ilitoka 1967. Alifanya kinyume cha Kasprowicz: alimshusha mshairi huyo hadi kwenye mazungumzo. Medea wake anabishana, hahutubii. Yapo mahali ambapo wepesi huo hupita kiasi na nyimbo za korasi kukosa mwinuko, kiasi kwamba tofauti ambayo Srebrny aliilinda inafutika. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza Mpolandi aliweza kusikia kwa nini Waathene waliona Euripides amewaletea jukwaani watu wa nyumbani.

Nadharia nayo ilikuwa imekwisha kupata mahali pake. Mwaka 1957 Olgierd Wojtasiewicz alitoa kitabu cha utangulizi wa nadharia ya tafsiri, akieleza kwamba kufasiri ni kuunda matini itakayozusha kwa mpokeaji fikra zile zile, au zilizo karibu sana na zile, zilizozushwa na matini ya asili. Kipimo hicho ni safi, lakini tanzia inakitia majaribuni: fikra za Mwathene wa karne ya 5 kabla ya Kristo hakuna awezaye kuziuliza. Anayebaki kuulizwa ni mtazamaji aliye ukumbini.

Na mtazamaji alijibu. Andrzej Wajda alipoiweka Antigone jukwaani huko Kraków mwaka 1984, baada ya utawala wa kijeshi wa 1981 hadi 1983, korasi yake ilibadilika kufuatana na matukio hadi kuonekana kama wafanyakazi wa bandari za kuundia meli. Hakuna aliyehitaji maelezo ya chini ya ukurasa kujua ni kaburi gani lililozungumziwa, na ni amri ya nani. Hapo lugha ambayo Węclewski aliitetea kwa kuijaza elimu ilikuwa ikitumiwa na raia kuambizana jambo lisiloweza kusemwa waziwazi.

Kazi haikuishia hapo. Katika karne ya 21 Robert Chodkowski wa Lublin, mtafiti wa jukwaa la Kigiriki, amemfasiri Sophocles upya, na Antoni Libera, anayejulikana zaidi kwa kumfasiri Samuel Beckett, naye ametoa Sophocles wake. Mmoja ametoka darasani, mwingine ametoka kwenye tamthilia ya kisasa. Mvutano wa Morawski na Kasprowicz unaendelea, ila sasa pande zote mbili zinakubali kwamba mwamuzi ni sikio.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, usomi wa lugha ya asili ni sharti, lakini hautoshi. Węclewski alikuwa nao wote. Pili, umbo la kishairi lililozoeleka katika lugha pokezi linaweza kuwa mtego hasa pale linapopendwa. Vina vya Kasprowicz havikumpotosha Euripides kwa sababu ni vibaya, bali kwa sababu vilitiwa mahali ambapo mtunzi alitaka watu wagombane. Tatu, hakuna tafsiri inayomaliza kazi. Aliyesoma Antigone ya Morawski peke yake hawezi kujua kwamba pale mwanzo palikuwa na damu kabla ya mapenzi. Anahitaji tafsiri ya pili ili aione ya kwanza.

Haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Samuel Mushi, aliyekwisha kufasiri Makbeth na Tufani za Shakespeare, alitoa Mfalme Edipode, na hivyo Sophocles akaanza kusema Kiswahili. Jina hilo limebeba swali lile lile lililoelezwa hapo juu juu ya neno król. Na mjadala wa vina na mizani uliopamba moto baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 ulihusu, bila kukusudia, hata mfasiri wa tanzia. Waliovitetea vina walikuwa na haki ya kusema kwamba jadi haitupwi. Waliovipinga walikuwa na haki ya kusema kwamba jadi si pingu. Kochanowski anaonyesha njia ambayo haikupewa uzito unaostahili katika mabishano hayo: kuihifadhi mizani, ambayo ndiyo pumzi ya lugha yenye mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na kuviacha vina pale wahusika wanapozungumza, kisha kuvirudisha, vikihitajika, pale korasi inapoimba. Mfasiri ajaye wa tanzia kwa Kiswahili anayo sababu ya kulijaribu hilo, na mahali pa kulipimia si ukurasa bali ukumbi, kwa sauti, mbele ya watu wasioijua matini ya asili.